Sebule Kama Kituo cha Kazi: Nani Anagharimia Kazi za Mbali?

Serikali ilianza kuhamia Dodoma kwa dhati mwaka 2016, miaka 43 baada ya uamuzi wa TANU wa 1973, na kampuni zinazotegemea ukaribu na wizara zikalazimika kufikiri upya makao makuu yao yakae wapi. Kwa baadhi, jibu jepesi ni kuachana na jengo la Dar es Salaam, kufungua ofisi ndogo Dodoma, na kuwataka wafanyakazi waliobaki wafanyie kazi nyumbani. Nashikilia kwamba agizo hilo la mwisho ni uhamisho kamili, na mwajiri anapaswa kuugharimia hivyo.

Kwamba umbali wa ofisi haukuwa mzigo wa mfanyakazi, milima ya Usambara ina ushahidi wa zamani. Baada ya Wajerumani kuondolewa huko mwaka 1916, utawala wa Waingereza chini ya Horace Byatt ulikaa Wilhelmstal, yaani Lushoto, hadi ulipohamia Dar es Salaam mwaka 1919. Ofisi ya mlimani iliwezekana kwa sababu bondeni palikuwa na stesheni ya reli ya Mombo na barabara ya kupanda Soni. Reli hiyo ilianzwa Tanga mwaka 1893 na kampuni binafsi, ikaishia Muheza kwa kukosa fedha; serikali ya Kijerumani ikaichukua mwaka 1899, ikafika Mombo mwaka 1905. Njia ya kuunganisha ofisi na dunia iliishinda hata kampuni. Hakuna aliyemtaka karani aijenge kwa mshahara wake.

Leo tunamtaka. Tuchukue mhasibu aliyeajiriwa Dar es Salaam, ambaye sasa anafunga hesabu za mwezi akiwa nyumbani kwake Mombo. Bando ni lake, LUKU ni yake, na kwa joto la pale chini feni huzunguka mchana kutwa. Umeme ukikatika, saa zilizopotea anazifidia usiku. Angepewa barua ya kwenda Dodoma, angalau gharama za kuhama zingejadiliwa. Kwa kuwa yuko kwake, inadhaniwa hakuna kilichohama.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa pa kuanzia. Kifungu cha 15 kinataka mwajiriwa apewe kwa maandishi mahali alipoajiriwa na mahali pa kazi. Kifungu cha 43 kinamtaka mwajiri, ajira inapokoma mbali na mahali hapo pa kuajiriwa, amsafirishe mfanyakazi na mizigo yake au amlipe nauli. Kwa mtazamo huo, umbali ni mzigo wa mwajiri. Mkataba unaoendelea kusema "Dar es Salaam" unamnyima mhasibu wetu hoja hiyo.

Atatokea wa kusema kwamba mtu huyu ameokoa kodi ya nyumba na nauli za daladala, tena yuko karibu na wazazi na shamba. Ni kweli, na kwa wengi ni neema kubwa. Lakini kodi aliyookoa ni ya maisha yake. Umeme unaoendesha kompyuta ya kampuni ni gharama ya uzalishaji, kama ulivyokuwa ghorofani Posta. Mkataba uandikwe upya: mahali pa kazi, Mombo; umeme, intaneti na vifaa, juu ya mwajiri.