Paka wa Kariakoo: Kutoka Mlinzi wa Magunia Hadi Staa wa Instagram

Siku hizi ukifungua Instagram hukosi kitoto cha paka kimelala kwenye mto, kengele shingoni. Dogo kawa staa! Ila wadau, huyu mnyama hakuja mjini kupigwa picha. Alikuja kazini.

Kazi yenyewe ni ya kale. Mwaka 2004 watafiti walitangaza kaburi la miaka kama 9,500 kisiwani Cyprus, mtu kazikwa na paka pembeni yake. Watu walipoanza kuhifadhi nafaka, panya wakaja, na paka akawafuata. Kwenye vyombo vya baharini ikawa hivyo hivyo: penye shehena pana panya, na penye panya paka hakosi kibarua.

Ndio maana Kariakoo imemfaa. Jina limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Uingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Baadaye pakawa soko, na katikati ya miaka ya 1970 likasimama jengo lililobuniwa na Beda Amuli, mazao yakajaa mpaka shimoni. Panya atake nini tena?

Lakini mlinzi huyu haheshimiwi. Uswahilini paka mweusi anasingiziwa uchawi, anapigwa mawe. Na ni mitaa hiyo hiyo watu wanamjua Abu Huraira, swahaba aliyepata jina hilo kwa kupenda paka, na kisa cha mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfungia paka mpaka akafa njaa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama nayo ipo tangu 2008. Bado vitoto vinatupwa jalalani ndani ya boksi, macho hayajafunguka.

Ukikiokota, joto kwanza: chupa ya maji ya moto, izungushie khanga. Maziwa ya ng'ombe acha, yanakiharisha, na kuhara kunakimaliza haraka. Kikiwa chini ya wiki 4, ulizia maziwa ya paka ya unga kwa daktari wa mifugo. Baada ya hapo, samaki wa kuchemsha asiye na chumvi wala miiba. Panadol usithubutu, ni sumu kwake. Kikifika miezi 3, chanjo ya kichaa cha mbwa. Ndiyo, hata paka anaugua!

Amelinda chakula chetu miaka yote hiyo. Kumpa kiboksi cha kulala ni deni, sio hisani.

Wewe kwenu paka analala ndani au nje? Funguka hapo chini.