Kutoka baluni mpaka ndege nyuki: nilivyoichagua droni ya Pangani

Najua kimya kimekuwa kirefu. Zamu za usiku zimenibana, na siku za mapumziko nalala kama gogo. Ila leo inabidi niandike, maana simu zimekuwa nyingi mno: mchango umefikia wapi, na hiyo droni yenyewe iko wapi?

Kwa wale ambao hamkuwepo kwenye mazungumzo, ni hivi. Bahari inakula ufukwe kwetu Pangani. Minazi mitano iliyokuwa mbele ya nyumba ya bibi imebaki miwili, na makaburi ya wazee yako hatua chache tu nyuma yake. Mjomba anasema bahari imeshatulia. Mama mdogo anasema makaburi yahamishwe sasa hivi. Kila mtu anapima kwa macho yake, na kila kikao kinaisha kwa watu kununiana. Mpwa wangu ndiye aliyesema, "Anko, tupige picha kutoka juu kila mwaka, mahali palepale, tuache kubishana." Zikachangwa pauni 380, na mimi wa ughaibuni nikaambiwa nichague.

Sikutaka kukurupuka. Miaka kadhaa nyuma nilinunua kidroni cha pauni 40, kwenye boksi kimeandikwa maneno makubwa kweli kweli. Kilipaa, upepo ukakichukua, kikavuka mto Thames bila kuaga, sijakiona tena. Hakikuwa na GPS, kwa hiyo hakikujua kilikotoka. Basi safari hii nikaanza kwa kusoma historia ya mambo haya, na hiyo historia ndiyo iliyoniamulia.

Mtu wa kwanza kupiga picha kutoka angani alikuwa Mfaransa, Gaspard-Félix Tournachon, maarufu kwa jina la Nadar. Mwaka 1858 alipanda baluni nje kidogo ya Paris. Enzi hizo kioo cha picha kilipakwa dawa na kusafishwa kingali kibichi, kwa hiyo ilimbidi apande na chumba cha giza humo humo kapuni! Picha zake za mwaka ule zimepotea. Kongwe kuliko zote iliyobaki ni ya James Wallace Black, aliyeupiga mji wa Boston kutoka kwenye baluni mwaka 1860.

Halafu wakaja watu wa tiara. Mwaka 1906, wiki chache baada ya tetemeko kuu kuivunja na moto kuiteketeza San Francisco, George Lawrence aliinua kamera ya kilo 22 hivi kwa msururu wa tiara, akapiga mji mzima ukiwa magofu. Ile picha ukiiona husahau. Na Mjerumani Julius Neubronner, mwenye duka la dawa, alifunga vikamera vidogo vifuani mwa njiwa, akapata hataza mwaka 1908. Shida ya njiwa ni kwamba anapita anakotaka yeye, humwambii arudi kupiga palepale. (Kidroni changu cha pauni 40 kilikuwa njiwa mtupu, tena njiwa asiyerudi nyumbani.)

Kwetu Afrika Mashariki picha za angani zilikuja na ndege zenye rubani. Mswisi Walter Mittelholzer aliruka juu ya Kilimanjaro mwaka 1930 na kamera yake, na picha za theluji ya Kibo alizopiga bado zinatazamwa. Wanaotaka kujua barafu ya wakati ule ilifika wapi wana pa kuanzia. Hapo ndipo nilipoelewa alichosema mpwa wangu: picha moja ni pambo, lakini picha mbili za mahali pamoja kwa miaka tofauti ni ushahidi.

Na jina je? Magazeti ya Bongo yanaziita ndege nyuki, na wengi wanadhani ni kwa sababu ya mlio. Mwaka 1935 Waingereza walikuwa na ndege ya kuongozwa kwa redio iliyotumiwa na wapiga mizinga kujifunzia shabaha. Waliiita Queen Bee, yaani malkia wa nyuki. Inaaminika Wamarekani walipotengeneza zao wakaendeleza utani huo kwa kuziita drone, nyuki dume. Kwa hiyo Kiswahili kimerudi mzingani bila kuulizwa.

Sasa tuje kwenye hizi za kwetu sisi walalahoi. Simu za kisasa ndizo zilizoshusha bei. Vile vidude vidogo vinavyoijulisha simu kuwa umeigeuza vilitengenezwa kwa wingi vikawa rahisi, na ndivyo vinavyoiweka droni sawa hewani. Mwaka 2010 Wafaransa wa Parrot walileta AR.Drone, dola 299, unaiongoza kwa simu. Mwaka 2013 DJI ya Shenzhen ikatoa Phantom ya dola 679, yenye GPS, ukiachia rimoti inasimama hewani yenyewe. Lakini kamera ulijitegemea. Mwaka 2014 Phantom 2 Vision+ ikaja na kamera yake ikiwa kwenye gimbali ya pande tatu, kile kishikio kinachoizuia isitikisike. Mwaka 2016 Mavic Pro ikajikunja ikaingia mkobani, gramu 743. GoPro nao wakatoa Karma mwaka huohuo, zikawa zinazimika angani, wakazirudisha kiwandani, na mwanzoni mwa 2018 wakaachana na biashara hiyo.

Mwishoni mwa 2015 Marekani iliagiza kila droni yenye zaidi ya gramu 250 iandikishwe. Basi mwaka 2019 ikatoka Mavic Mini, gramu 249! Mizani ya sheria ndiyo iliyochora umbo la hizi ndogo tunazoziona leo. Hapa Uingereza mambo yalikaza baada ya Desemba 2018, uwanja wa Gatwick uliposimamisha ndege kwa zaidi ya siku nzima kwa madai ya droni, watu wapatao 140,000 wakakwama, na mhusika hakupatikana. Tangu Januari 2026 hata ya gramu 100 unaifanyia mtihani mtandaoni. Nimeufanya, nimefaulu, msicheke.

Haya, nilivyochagua. Kaka mkubwa alitaka ile kubwa ya kupigia harusi. Kaka, Mavic 3 ilitoka mwaka 2021 kwa dola 2,199, huo ni mchango wa ukoo mara kadhaa. Nikatazama Neo ya mwaka 2024, gramu 135, bei rahisi. Lakini inakaa hewani dakika 18 tu, na upepo wetu wa kusi mnaujua. Mavic Mini inahimili upepo wa mita 8 kwa sekunde, Mini 2 ya mwaka 2020 inafika mita 10.5, ina GPS, na dakika 31 kwa betri moja. Nikachukua Mini 2 ya mtumba na betri tatu, pauni 230. Kabla ya kulipa nilimtaka muuzaji aiondoe kwenye akaunti yake mbele yangu, na nikatazama kwenye programu kila betri imeshachajiwa mara ngapi. Iliyovimba usiiguse.

Pauni 150 zilizobaki nimeziacha kwa ajili ya vibali. Mpwa wangu, sikia: TCAA kwanza, hewani baadaye. Nitakuja nayo mwenyewe Desemba, betri kwenye mkoba wa mkononi kama mashirika ya ndege yanavyotaka, lakini bila karatasi sitaipitisha forodhani kwa kubahatisha.

Wakati mnanisubiri, fanyeni haya. Droni inahesabu kimo kuanzia ilipopaa, kwa hiyo tutaipaisha kila mwaka kutoka kwenye kifuniko cha kisima. Pimeni kwa futikamba kutoka kisimani mpaka pembe ya nyumba, muandike, ili picha iwe na kipimo chake. Tena hatutapima mstari wa maji, maana bamvua na maji mafu yatatudanganya. Tutapima ukingo wa udongo. Na mjomba, shikamoo, nakuomba usikifukie kile kisima kabla sijafika.

Naishia hapa, zamu inaanza saa nne usiku na basi halingoji mtu.