Chungu cha Wachawi

Katika tamthilia ya Shakespeare, Macbeth (yapata 1606), wachawi watatu wanazunguka chungu kinachochemka, wakitupia ndani kidole cha chura, manyoya ya popo na mnofu wa nyoka. Kisa Shakespeare alikipata kwa mwanahistoria Holinshed, aliyesimulia wanawake watabiri tu, bila chungu. Chungu chenyewe kinafanana na kile cha mchawi Medea katika tenzi za Ovid, mshairi wa Roma ya kale.

Mtunzi wa muziki Verdi aliigeuza tamthilia ya Macbeth kuwa opera mwaka 1847, S. S. Mushi akaitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1968. Mwaka 2014 mwongozaji Brett Bailey wa Afrika Kusini aliihamishia opera hiyo Kongo ya Mashariki, upande wenye miji ya Butembo na Beni. Humo wachawi ni wafanyabiashara wa kampuni ya kubuni, wenye uchu wa madini.