Kodiani ya Vibonye na Sauti Nene ya Zydeco

Katika jimbo la Louisiana, nchini Marekani, Wakreoli weusi wasemao Kifaransa walipokea kutoka Ujerumani kodiani ndogo yenye vibonye 10. Kibonye hicho hicho hutoa noti moja mvukuto ukisukumwa na nyingine ukivutwa. Ndiyo maana mdundo wake hukatika-katika, jambo liwafaalo wachezaji. Unene wa sauti hautokani na wingi wa vibonye, bali na ndimi za chuma: katika kodiani iliyo bora kila noti ina ndimi 4 ziliazo pamoja. Ndiyo ala ya Amédé Ardoin, aliyerekodiwa mwaka 1929.

Clifton Chenier alichagua kodiani ya piano, kwa kuwa safu moja ya vibonye haina noti zote za blues. Sababu hiyo ni ya haki. Lakini wengi, kwa umaarufu wake, waliiona ala ya wazee kuwa duni. Boozoo Chavis, aliyerekodi kwa vibonye mwaka 1954, aliporudi jukwaani mwaka 1984, vijana walivirudia. Wakati huo kodiani hizo zilikuwa zikiundwa Louisiana kwenyewe, kwani vita vya 1939-1945 vilikuwa vimekata biashara na Ujerumani.