Namba ya injini: historia iliyogongwa kwenye chuma

Ukinunua gari la mkono wa pili unalinganisha namba ya injini na ile iliyo kwenye kadi. Zikipishana, unaanza kuuliza maswali. Marekani yapo magari ya zamani ambayo kupishana huko kunaangusha bei vibaya sana.

Nazungumzia yale wanayoyaita muscle car: gari la kawaida la milango miwili likatiwa injini kubwa ya V8, na kijana mwenye kazi ya kawaida akaweza kulinunua. Wengi huanzia kuhesabu kwenye Pontiac GTO ya 1964. Bima ikapanda, sheria za moshi zikabana, mafuta yakaadimika mwaka 1973, na enzi ikaisha.

Chukua Chevrolet Chevelle SS 454 ya 1970. Ilikuja na injini za aina mbili: LS5 yenye nguvu za farasi 360, na LS6 yenye 450. Wanaokusanya magari wanaitaka LS6. Tatizo ni kwamba namba ya chasisi inasema tu gari lina V8, basi. Hata Malibu ya kawaida ya V8 inaanza na tarakimu zilezile. Kwa hiyo ushahidi mkubwa uko kwenye bloku.

Kwanza kuna namba iliyotoka na bloku kwenye kalibu, 3963512. Hiyo peke yake haithibitishi kitu, maana 454 nyingine nyingi wanayo. Pili kuna tarehe ya kusubu: herufi A ni Januari, B ni Februari, na kuendelea. B 12 0 ni tarehe 12 Februari 1970. Tatu ni namba iliyogongwa kwa nyundo mbele ya bloku. T0226CRV maana yake injini iliunganishwa kiwanda cha Tonawanda tarehe 26 Februari, nayo ni LS6 ya gia za mkono. Mwisho, tafuta tarakimu za mwisho za chasisi. Tarehe lazima zifuatane: bloku, injini, kisha gari.

Matapeli nao wanajua kusoma. Wanasaga namba na kugonga nyingine. Ndiyo maana wataalamu huangalia pia mistari myembamba iliyoachwa na mashine ya kiwandani pale namba ilipogongwa. Ikikosekana, shaka inaanza. Lakini fundi mwaminifu aliyesawazisha uso wa bloku miaka hiyo naye alifuta namba bila nia mbaya. Chuma hakielezi nia.

Fedha zenyewe si mchezo. Mwaka 2014 Plymouth Hemi 'Cuda ya wazi ya 1971 ilipigwa mnada Seattle kwa dola milioni 3.5.

Mimi lakini nazipenda bloku zilizogongwa CE, ambazo Chevrolet ilizitoa kubadilisha injini zilizokufa zikiwa bado na dhamana. Sokoni zina thamani ndogo kuliko ya asili. Ila zinasema kweli: injini ya kwanza ya gari hili ilikufa mapema, na pengine kijana fulani aliikimbiza mpaka ikapasuka. Si ndiyo kazi iliyotengenezewa?

Soko linalipia gari ambalo halikubadilishwa kitu. Historia, nadhani, ingelipia lililosema ukweli.