Mlima wa Chumvi: Wapagazi wa Rwenzori

Tarehe 24 Mei 1888, karibu na Ziwa Albert, kijana mmoja wa msafara wa Henry Stanley alimwonyesha bwana wake mlima ambao, kwa maneno yake, ulikuwa umefunikwa na chumvi. Ilikuwa theluji ya Rwenzori. Wapagazi wengi wa msafara ule walitoka Unguja. Neno theluji tumelipata kwa Waarabu, lakini ni nani miongoni mwao aliyekuwa amewahi kuigusa? Chumvi waliijua. Wakonzo, wenyeji wa miteremko ile, hawakuwa na taabu hiyo: wao waliiita nzururu, na waliamini kwamba mungu wao Kitasamba anakaa humo.

Mwaka 1906 alikuja Luigi Amedeo, mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia. Alishuka Mombasa, akapanda treni hadi Kisumu, akavuka ziwa kwa meli hadi Entebbe. Kutoka hapo safari ilikuwa ya miguu: karibu kilomita 300 hadi Fort Portal, na mamia ya wapagazi wakiwa na mizigo vichwani. Mlimani Wakonzo ndio waliopokea mizigo. Anayedhani kwamba kupanda mlima ni kukwea mwamba tu, hajapita Rwenzori. Pale adui ni tope. Mtu huruka kutoka shina la nyasi hadi jingine, akikosea anazama hadi magotini, na mvua haikati. Wakonzo walipita humo miguu mitupu hadi Bujongolo, pango la mwamba lililo kwenye mita 3,800 hivi, ambalo wageni walilifanya kambi yao kuu.

Tarehe 18 Juni 1906 Luigi Amedeo alifika kilele cha mita 5,109, akakiita Margherita kwa heshima ya malkia wa Italia. Aliofika nao walitoka milima ya Alpi, na mmoja wao, Joseph Brocherel, aliajiriwa kama mpagazi. Kwa hiyo mpagazi wa Ulaya anajulikana kwa jina. Wale wa Bujongolo tunawajua kwa wingi wao tu, na hili ndilo linalonikera kila ninapoifungua ramani: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi, Luigi di Savoia. Milima sita, na yote imepewa majina ya wasafiri wa Ulaya.

Haki idaiwe kwa kiasi, hata hivyo. Mito na maziwa yalibaki na majina ya wenyeji: Mubuku, Bujuku, Kitandara. Na leo mtu akitoka Nyakalengija kwa mzunguko wa siku saba hivi, usiku wa pili hulala kwenye kibanda cha John Matte, mita 3,414. Jina la Mkonzo hatimaye limeingia katika ramani, ingawa ni la kibanda. Hifadhi ilifunguliwa mwaka 1991, ikafungwa kwa sababu ya vita kuanzia 1997 hadi 2001, na ilipofunguliwa tena waliorudi kubeba mizigo walikuwa Wakonzo.

Wakati huo huo nzururu yenyewe inakwisha. Mwaka 1906 barafu ilienea kiasi cha kilomita 6.5 za mraba; kufikia 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja. Picha alizopiga Vittorio Sella katika safari ile sasa zinatumiwa na wataalamu kupima kilichopotea. Ukizitazama, mpagazi aliyesimama pembeni ndiye anayekuonyesha ukubwa wa barafu.