Historia ya Mpango wa Uuguzi wa Mgonjwa Mmoja Mmoja

Mpango wa uuguzi ni maandishi yanayoeleza mgonjwa fulani ana shida gani, atahudumiwa vipi, na itajulikanaje kwamba huduma hiyo imemfaa. Maandishi hayo yamezoeleka mno katika faili la mgonjwa hata mtu hudhani yamekuwapo tangu hospitali zianze. Ukweli ni kwamba mpaka katikati ya karne ya 20 shughuli za wodini zilipangwa kwa kufuata kazi zilizopo, si kwa kufuata mtu aliyelala kitandani.

Florence Nightingale alikuwa amedokeza mapema haja ya kumfuata mgonjwa mwenyewe. Katika kitabu chake Notes on Nursing cha mwaka 1859 alisisitiza hewa safi, mwanga, usafi na chakula, lakini pia alimtaka muuguzi amwangalie mgonjwa kwa makini na kueleza alichokiona bila kubahatisha. Mwaka uliofuata shule iliyobeba jina lake ilifunguliwa katika hospitali ya St Thomas', London. Mafunzo ya namna hiyo yalipoenea, kilichoshika mizizi zaidi kilikuwa nidhamu na ratiba. Sehemu ya kumwangalia mgonjwa ilibaki nyuma.

Katika wodi ya Uingereza ya miaka ya 1950, sista msimamizi aligawa kazi asubuhi. Mwanafunzi mmoja alipima joto na mapigo ya moyo ya wagonjwa wote, mwingine aliogesha, wa tatu alipeleka na kuondoa vyombo vya haja. Palikuwa na daftari la kuogesha, na kila aliyeogeshwa aliwekewa alama mbele ya jina lake. Kila baada ya saa kadhaa ulifika mzunguko wa migongo: wauguzi wawili walisukuma toroli kutoka kitanda hadi kitanda, wakasugua migongo, makalio na visigino kwa sabuni, spiriti na poda ili kuzuia vidonda vya kulalia. Aliyeweza kujigeuza mwenyewe na aliyelala kama gogo walipata huduma ileile.

Tafiti mbili zilitikisa utaratibu huo. Mwaka 1960 Isabel Menzies, mtaalamu wa saikolojia wa Taasisi ya Tavistock, alichapisha uchunguzi wake juu ya hospitali moja kubwa ya London. Alieleza jinsi wagonjwa walivyotajwa kwa namba ya kitanda na jina la ugonjwa au kiungo kinachouma. Hakuwalaumu wauguzi. Aliona kwamba kuzigawa kazi vipande vipande kuliwakinga na hofu inayotokana na kukaa karibu na maumivu na kifo, lakini kinga hiyo haikuiondoa hofu, na wanafunzi wengi waliacha mafunzo. Uchunguzi huo ungali na uzito hadi leo, kwa sababu wodi yoyote yenye wagonjwa wengi na wauguzi wachache hurudi upesi kwenye kinga ileile.

Utafiti wa pili, wa Doreen Norton na wenzake, ulitoka mwaka 1962 na ulihusu wazee waliolazwa. Walionyesha kwamba dawa za kusugua zilizopendwa wodini hazikuwa na faida iliyodhaniwa, na kwamba kumgeuza mgonjwa mara kwa mara ndiko kulikozuia vidonda. Wakatunga kipimo chenye mambo matano: hali ya mwili, hali ya akili, uwezo wa kutembea, uwezo wa kujigeuza, na kushindwa kuzuia haja. Kila jambo lilipewa alama 1 hadi 4, na aliyepata jumla ndogo ndiye aliyekuwa hatarini zaidi. Kwa kipimo hicho muuguzi alikuwa na sababu ya kumgeuza huyu kila baada ya saa mbili na kumwacha yule apumzike.

Marekani ilikuwa imekwisha kuanza kwa njia ya nadharia. Hildegard Peplau aliandika mwaka 1952 juu ya uhusiano wa muuguzi na mgonjwa. Virginia Henderson alitaja mahitaji 14 ya msingi ya binadamu. Ida Jean Orlando alisisitiza mwaka 1961 kwamba muuguzi asikisie shida ya mgonjwa bali amuulize. Mwaka 1967 Helen Yura na Mary Walsh waliyapanga mawazo ya aina hii katika hatua nne za mchakato wa uuguzi: kutathmini, kupanga, kutekeleza na kupima matokeo. Chama cha wauguzi wa Marekani kiliongeza utambuzi wa tatizo katika viwango vyake vya 1973, zikawa tano.

Hatua hizo zinaeleza namna ya kufikiri, ila hazisemi muuguzi atazame nini. Pengo hilo ndilo lililojazwa na modeli za uuguzi. Iliyopendwa zaidi Uingereza ni ya Nancy Roper, Winifred Logan na Alison Tierney, iliyotoka Edinburgh mwaka 1980. Inataja shughuli 12 za maisha, zikiwemo kupumua, kula na kunywa, kuwasiliana, kulala, kufanya kazi na kucheza, na hata kufa. Wafikirie wagonjwa wawili wa kiharusi waliopooza mkono wa kulia. Mmoja ni fundi cherehani anayeishi peke yake, mwingine ni bibi anayetunzwa na binti zake. Kwa daktari ugonjwa ni mmoja. Muuguzi anayefuata modeli hii atauliza kila mmoja alikuwa akifanya nini kabla ya kuugua, sasa anaweza nini, na nani yupo nyumbani. Mipango miwili itakayotoka hapo haitafanana.

Kufikia miaka ya 1980 malalamiko yalikuwa yameanza. Fomu zilikuwa ndefu, zikajazwa mwisho wa zamu kwa maneno yaliyonakiliwa kutoka faili la jirani. Mpango ukageuka kazi nyingine ya kuwekewa alama. Hapo ndipo tafakuri ilipoingia. Donald Schön, ambaye hakuwa muuguzi, alieleza katika kitabu cha mwaka 1983 jinsi wataalamu wanavyofikiri katikati ya kazi na baada yake. Mwaka 1988 Graham Gibbs alitoa mzunguko wa hatua sita: tukio, hisia, tathmini, uchambuzi, hitimisho na mpango wa kuchukua hatua. Aliuandika kwa ajili ya walimu wa vyuo, lakini wauguzi ndio walioukumbatia. Huko Burford, hospitali ndogo ya mkoa wa Oxfordshire, Christopher Johns aliijenga modeli iliyoanza na maswali badala ya orodha, likiwemo la muuguzi kujiuliza mgonjwa huyu anamfanya ajisikie vipi.

Kenya, Uganda na Tanzania zilirithi mafunzo ya uuguzi ya mtindo wa Kiingereza, na hatua za mchakato wa uuguzi hufundishwa katika vyuo vya nchi hizo. Ugumu hujitokeza wodini, ambako muuguzi mmoja huhudumia wagonjwa wengi kupita kiasi, na ndugu ndio wanaolisha na kuogesha. Modeli ya Dorothea Orem ya mwaka 1971, inayomtazama mgonjwa kama mtu anayejihudumia au kushindwa kujihudumia, inahitaji kupanuliwa hapo. Mpango usiomtaja ndugu huyo umeacha nje nusu ya huduma.

Uingereza imeigeuza tafakuri kuwa sharti la kazi. Tangu Aprili 2016 muuguzi anayehuisha usajili wake, kila baada ya miaka mitatu, hutakiwa kuwa na maelezo matano ya tafakuri aliyoyaandika mwenyewe na kuyazungumza na mwenzake aliyesajiliwa. Maelezo hayo hayaruhusiwi kuwa na chochote cha kumtambulisha mgonjwa.